Trekta Niliyoipeleka Kuombewa

Mvua ya mwaka 2008 ilikaribia, na trekta yangu ikakataa kupandisha mwendo katikati ya shamba, hapa Rongai. Mungu anisamehe, nilichemka. Wiki moja tu kabla, fundi Wafula alikuwa ameweka sensa mpya ya kanyagio la mafuta, kile kifaa cha umeme kinachoiambia injini iongeze mwendo!

"Umenifungia kitu kibovu!" nilimfokea mbele ya majirani. "Mimi, mzee wa kanisa!"

Wafula alichomoa soketi ya sensa, akaiinamisha. Yakatiririka maji ya sabuni.

"Mzee, nani ameosha hii trekta kwa pampu ya maji?"

Mama Chebet, aliyekuwa akingoja kulimiwa, akanitangulia kujibu.

"Si ni yeye! Jumapili ametoa ushuhuda kanisani ameiosha mwenyewe, mpaka ndani ya injini, ndiyo iombewe ikiwa safi."