Zamu ya Tauno Kuwasha Sauna

Jumamosi, saa nane mchana. Marjut Keränen anatoa viti vya magurudumu kutoka kwenye sauna ya nyumba ya wazee ya Lehtoranta, kimoja kimoja, na jasho linamtoka kabla hata jiko halijawashwa. Nje theluji inafika magotini.

Sauna hii, chumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, imekuwa stoo tangu wahudumu walipopunguzwa. Wazee huogeshwa bafuni, harakaharaka, mara moja kwa wiki. Leo itawashwa kwa sababu Tauno Kemppainen, mwenye umri wa miaka themanini na sita, ana mgeni.

Mzee mwenyewe ameketi kando ya mlango, nywele kazichana kwa maji, shati kalifunga vifungo hadi shingoni. Anasimamia kazi kama fundi mkuu.

"Hilo jiko la umeme ni la kuokea mikate," anasema.

"Basi tutakuoka wewe," Marjut anamjibu bila kugeuka.

Tauno anacheka kwa pua. Mwezi uliopita usingemsikia akicheka.

Marjut, mwenye miaka hamsini na mmoja, amehudumia wazee hapa Kainuu, nchini Ufini, zaidi ya nusu ya maisha yake. Jioni, wahudumu wawili huangalia wazee kumi na watano: kulisha, kuvalisha, kugawa dawa. "Hakuna anayelipwa kumtafutia mzee rafiki," anasema. "Lakini ukiwaacha hivyo wanafifia. Nimeona wengi, na bado sijazoea."

Tauno alikuwa anafifia. Aliletwa mwezi wa kumi baada ya kuvunjika nyonga. Kwanza aliacha kwenda chumba cha kulia, kisha akaacha kumaliza chakula chake. Mchezo wa bingo aliukataa, kwaya akaiita makelele. Binti yake anaishi Uswidi na hupiga simu Jumapili.

Marjut akamuuliza kama hana rafiki. Anaye, alisema: Reino Huotari, jirani yake wa miaka yote, kilomita chache tu kutoka Lehtoranta. Mbona haji? Tauno akageukia ukutani.

Marjut alipandwa na hasira, akampigia Reino siku hiyohiyo. "Nilitaka kumpasha," anakiri. "Nikamwambia, mwenzako anaisha huku, wewe umekaa tu."

Reino akajibu, "Sijaalikwa. Ilikuwa zamu yake."

Kwa zaidi ya miaka arobaini wanaume hawa walioga pamoja kila Jumamosi, wiki hii kwa Tauno, wiki ijayo kwa Reino. Tauno alianguka wiki ambayo ilikuwa zamu yake kuwasha. Na kwetu huku mtu hajipeleki kwenye sauna ya mwenzake, anangoja kuitwa. Kwa hiyo Reino akangoja. Tauno naye, nyumba yake ikiwa imefungwa na inatafutiwa mnunuzi, hakuwa na sauna ya kumwalikia mtu, akaona aibu kupiga simu. Walikaa hivyo nusu ya majira ya baridi, kila mmoja akiamini anamheshimu mwenzake.

"Nililia kwenye chumba cha mashuka," Marjut anasema. "Halafu nikacheka. Wanaume wetu hawa, jamani."

Angeweza kumfuata Reino kwa gari na kumleta. Alijua haitasaidia kitu, kwa sababu mwaliko ulipaswa kutoka kwa Tauno. Akamwomba meneja ufunguo wa sauna, akabadilishana zamu na mwenzake, kisha akamwekea Tauno simu mapajani. Mzee akaisukuma mbali. Kesho yake akaisukuma tena. Siku iliyofuata aliishika mwenyewe na kubonyeza namba ambayo hakuhitaji kuitafuta.

"Jumamosi inawashwa," alisema. "Saa tisa." Akakata.

Saa tisa Reino anaingia, kofia mkononi, na mfuko wenye kicha cha matawi ya majani mabichi ya kujipigapigia mwilini ndani ya sauna, aliyoyagandisha kwenye friza tangu kiangazi.

"Umekonda," anamwambia Tauno.

"Na wewe umenenepa kama nguruwe wa Krismasi."

"Mbona sioni moshi?"

"Ingia unyamaze. Mwenye sauna ni mimi."

Marjut anamsaidia Tauno kuvua nguo na kukaa kwenye benchi la chini, anamwachia ndoo na kata, kisha anatoka na kukaa nje ya mlango, bila kuufunga kabisa. Tunasikia maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto.

"Nilidhani umenichoka," sauti ya Reino inasema.

Maji yanamwagwa tena.

"Na mimi nilidhani hivyohivyo," anasema Tauno.

Marjut anajifuta macho kwa taulo la kazini, wala hajifichi.

Baadaye wanakula soseji kwenye chumba cha kulia. Tauno anamaliza yake na kuomba haradali zaidi. Reino anavaa koti, anafika mlangoni, anasema, "Ijayo kwangu," na kuondoka.

Kwa Reino sauna ni ya kuni, iko ng'ambo ya uwanja wenye barafu, na ina ngazi. Meneja anasita, na ana sababu. Lakini Jumamosi ijayo ni siku ya mapumziko ya Marjut, na mume wake ameshakubali kuja na gari na koleo la theluji. Marjut anatamani kila mzee anayeletwa Lehtoranta aulizwe siku ya kwanza, kabla ya habari za dawa: nani alikuwa anakuja kwako, na siku gani?

Anainama mbele ya kiti cha Tauno na kumuuliza kama haziogopi zile ngazi.

"Binti," mzee anasema, "hapa nikianguka mtaandika ripoti. Kwa Reino nikianguka, Reino atanicheka."