Nilivuka Mlima na Mtoto wa Watu, Anayefukuzwa ni Mwenzangu

Asalaam aleikum admin, wewe na watu wa nyumbani kwako. Nisalimie wamama wote wa ukurasa huu, walio Sharjah, walio Oman na walio nyumbani. Kwangu hawajambo. Mama yangu hajambo ila miguu, Mwanaisha wangu hajambo yuko kidato cha pili, Bakari na Riziki wazima, na kaka yangu anayekaa nao pia mzima. Nawataja kwa sababu ni wao niliowafikiria nilipofanya nililofanya. Naomba unifiche, na majina nimebadilisha. Mnisamehe maandishi, niliishia darasa la nne.

Nina miaka thelathini na tisa, natoka Pwani ya Kenya, mwaka wa sita huu nafanya kazi za ndani hapa Dubai, nyumba iko Barsha. Mimi ni jikoni na usafi. Mtoto wa nyumba, Lulu, ana miaka minane, analelewa na mwenzangu Nakato, Mganda, tunalala chumba kimoja. Nikipata homa ni yeye ananichemshia tangawizi. Nataka mjue ni mtu wa namna gani.

Mwezi uliopita madam na sir walitupeleka sote Austria, kwenye milima ya theluji. Sir akatukatia kila mtu kadi ya kupandia vile vibanda vya kwenye waya. Kadi hiyo moja inafungua mageti ya vijiji vitatu vilivyo jirani, kila kijiji na bonde lake. Siku ya tatu Nakato akaamka tumbo linamsokota. Madam na sir walishatoka na skii zao. Nakato akaniambia, "Mama Mwanaisha, mpeleke Lulu hapo chini acheze, mimi nilale kidogo. Lakini msivuke upande wa pili, tafadhali." Nikamjibu, "Nivuke niende wapi mimi na baridi hii?" Akacheka.

Hapo chini Lulu akachoka upesi. "Anti, twende kijiji kile kingine, kadi inafungua, mimi nitasoma ramani." Nikakataa. Akanicheka, "Anti unaogopa!" Kweli niliogopa, lakini pia nilitaka. Miaka sita nawabebea watu mabegi wakienda kustarehe, mimi sijawahi kupanda kitu kwa raha yangu. Nikasema yalla, mara moja tu. Geti likalia tii, likafunguka. Tukapita juu ya miti, tukashuka kijiji cha pili, tukanywa chokoleti ya moto. Lulu akasema bado cha tatu. Nikaenda. Nilianguka kwenye theluji akanifukia miguu, wallahi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba nilikuwa na furaha.

Saa sikuitazama. Akilini mwangu kadi ile ni kama ya metro ya hapa Dubai, unagusa unarudi muda unaotaka. Kumbe kule vibanda vinasimama saa kumi. Tulipofika vinaning'inia tu hewani, mzee wa geti anatikisa mkono. Kwa barabara ni kuzunguka mlima mzima. Simu yangu bila waifai ya hoteli haishiki. Lulu akaanza kulia, nikamfunga na shela langu. Mama mmoja wa mgahawa akapigia hoteli, gari likaja, tukafika magharibi imeingia.

Madam alikuwa amerudi akamkuta Nakato kitandani na mtoto hayupo. Akapiga magoti mlangoni, akamkumbatia Lulu, akaniuliza bila kunitazama, "Nani alikwambia umpeleke huko?" Nakato amesimama nyuma yake na blanketi begani. Nikasema, "Ni Nakato, madam."

Nakato hakubisha. Chumbani nikangoja anitukane. Akaniuliza taratibu, "Mama Mwanaisha, mimi nilikukosea wapi?" Nikaingia bafuni nikafungulia maji.

Tumerudi Dubai, madam amesema khalas, viza ya Nakato inafutwa, Ijumaa anapanda ndege. Ana binti mmoja analelewa na bibi yake. Jana anakunja nguo, akanipa sweta lake nene, "Chukua, kwetu sina pa kulivaa." Nikalipokea. Jamani, nikalipokea! Lulu naye kanijia jikoni, "Anti, mbona anaondoka Nakato na tuliovuka ni sisi?" Nikamwambia, "Kula, habibti." Sasa na mtoto wa watu namfundisha kunyamaza.

Nilimgusia dada mmoja wa nyumba ya jirani bila kumtaja mtu. Akasema, "Wewe una watatu, yeye ana mmoja, funga mdomo." Yaani tufike hapo, tupimane kwa watoto?

Nikisema kweli, najua anayepanda ndege ni mimi, na Mwanaisha atarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Nikinyamaza, Jumamosi nitaamka nitazame kitanda kile kitupu nikawapikie chai. Msiniambie niombe Mungu tu, naomba kila sala. Nimwendee madam mwenyewe, au nianze kwa sir ambaye ana upole? Au nimwangukie Nakato kwanza? Leo ni Jumanne. Amekaa hapa mbele yangu anafunga begi, ananiuliza naandika nini kirefu hivi, nami nimemdanganya tena. Nijibuni upesi jamani, hata kwa neno moja, kabla hajatoka.