Macho Niliyomwazima Gogo Leah

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu: siku niliposimama kando ya kituo cha mafuta, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Lithuania, nikimweleza bibi kipofu uzuri wa nyumba ambayo haikuwapo.

Nivumilie nianzie mbali kidogo. Mimi si mzee wa mvi. Miaka arobaini na minane si uzee kwetu Kasulu. Lakini hapa Berea, katikati ya Johannesburg, mtu aliyefika wakati lifti za maghorofa haya bado zinapanda na kushuka, ninyi vijana mnamwita mzee, nami nimekubali. Mtembezi hula miguu yake, na yangu nimeila vya kutosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopata kazi ya kumtunza Gogo Leah. Gogo ndivyo watu wa huku wanavyomwita bibi, na yeye mwenyewe alitaka nimwite hivyo. Alikuwa amepita themanini, mjane, Myahudi mzaliwa wa Johannesburg. Macho yake yalibaki kuonja mwanga na kivuli tu. Nilimpikia, nilimpa dawa zake kwa saa, nilimsomea gazeti. Alipojua kwamba nimepanga kitanda Berea alishika mkono wangu kama mtu aliyepata ndugu, maana yeye alizaliwa Berea, mitaa miwili kutoka kwangu.

"Pale kwenye kona, chini ya ghorofa la matofali mekundu, pana nini siku hizi?"

"Pana kiduka cha spaza, Gogo. Na pembeni yake kuna Mkongo anashona suti."

"Zamani pale palikuwa na Myahudi wa Lithuania anashona suti," akasema, akacheka hadi akakohoa. "Basi mtaa haujabadilika!"

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wengi wetu tunaokaa kwenye majengo yale hatulijui. Wazee waliotutangulia humo walikuwa wageni kama sisi. Walitoka Lithuania na Latvia, nchi za bahari ya Baltiki, wakikimbia umaskini na chuki. Mama yake Gogo alikuja akiwa msichana, akawaacha nyuma mama yake na dada wanne. Gogo alikuwa na haja moja kabla ya kufa: kusimama mahali nyumba ya mama yake ilipokuwa, na kusimama mahali bibi yake na mama zake wadogo walipozikwa. Binti yake, aliyekuwa akiishi Australia, alikataa kwa muda mrefu, kisha akakubali kwa sharti niende naye. Alinipigia simu: "Usimwache astuke. Moyo wake hauwezi." Maneno hayo niliyabeba kama amri.

Tukaenda. Ilikuwa kiangazi cha kwao, jua halitaki kuzama. Kazi yangu ilikuwa macho. Gogo alinishika kiwiko, akaniminya kidogo kila tulipofika mahali: "Niambie." Nami nikamwambia. Mwongozaji wetu alikuwa Ruta, mwanamke wa makamo aliyewahi kufundisha historia, mwenye Kiingereza cha kupima kila neno.

Mwanangu, nimeona majengo ya vioo ya Sandton, kule kwa matajiri, lakini Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, ulinifunga mdomo. Vichochoro vimepinda kama mtu anayetafakari, na kila ukuta una kisa. Ruta alitupeleka mahali palipokuwa sinagogi kuu, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Alituambia kwamba zamani sheria ilikataza isizidi makanisa kwa urefu. Basi wale watu walifanya nini? Walichimba. Waliteremsha sakafu chini ya usawa wa barabara, ili ukiwa nje uone jengo la kawaida, ukiingia uone dari iko juu kama mbingu. Nilisimama pale nikirudia moyoni: walinyimwa juu, wakaenda chini. Siku ile sinagogi halikuwapo. Vita na watawala wa baada ya vita walikuwa wamelimaliza, na juu yake palikuwa na shule fupi ya watoto. Hilo nililieleza bila shida, kwa kuwa Ruta alikuwa pembeni na Gogo alikuwa akilijua tayari.

Barabarani kuelekea kaskazini nikaona ajabu nyingine. Juu ya nguzo kulikuwa na viota vikubwa kama meza, na juu ya viota korongo weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Ruta akasema ndege hao huja kila mwaka kutoka Afrika. Nikawatambua! Ni hao hao waliokuwa wakitembea nyuma ya majembe yetu Kasulu msimu wa mvua.

"Unasikia?" Gogo akanichokoza. "Kumbe si wewe peke yako uliyekuja huku bila kualikwa."

Tukaufikia ule mji mdogo. Soko la mawe, kanisa lenye minara miwili, nyumba za mbao zilizopakwa njano na kijani. Ruta alikuwa na ramani ya zamani iliyochorwa viwanja. Akahesabu nyumba kutoka sokoni, akasimama, akaninong'oneza: "Ni hapa." Kisha akavuka barabara kwenda ofisi ya mji kuulizia njia ya msituni kwenye makaburi.

Mbele yangu palikuwa na pampu mbili za mafuta, rundo la matairi, na kijana mmoja anakula mkate.

Gogo akaniminya kiwiko. "Niambie."

Mwanangu, wewe unajua tulivyolelewa. Kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri, hata kama maiti iko ndani. Kwanza nzuri, halafu ndipo "ila." Mkubwa hapigwi na habari mbaya usoni kama kofi. Na mimi nilikuwa na amri ya binti yake sikioni. Nikatazama uso wake uliokuwa umeinuka kama uso wa mtoto anayengoja kuvalishwa nguo ya sikukuu. Nikafungua mdomo.

"Ipo, Gogo. Nyumba ipo."

"Ipo?"

"Ipo. Ya mbao. Madirisha mawili mbele. Pana kibaraza."

"Kibaraza! Mama hakuwahi kusema habari za kibaraza. Kikubwa?"

"Kikubwa kiasi. Kuna bibi ameanika maharage."

"Maharage. Na mlango?"

"Wa buluu. Chini umelika na mchwa kidogo."

"Na nyuma?"

"Nyuma kuna mpera," nikasema, na hata mimi nikajisikia nimezidisha. Ulimi ukishaanza kuteremka mlima haupati breki.

Gogo Leah alivuta pumzi ndefu kwa pua. Akaivuta tena.

"Kijana wangu," akasema polepole, "macho yangu yamekufa. Pua haijafa. Tangu lini nyumba ya mama yangu inanuka petroli?"

Yule kijana wa mkate alikuwa akitutazama tu.

"Ile ni nyumba ya nani uliyonipa?"

"Ya bibi yangu, Gogo. Ya Kasulu."

"Ni nyumba nzuri. Mungu aibariki. Lakini sikusafiri hadi huku kuiona." Hakupaza sauti, na ingekuwa heri kwangu kama angeipaza. "Nisikilize. Nilipokuwa mtoto pale Berea, barua zilikuwa zikija kutoka mji huu. Mama zangu wadogo waliandika, 'Sisi wazima, msiwe na wasiwasi.' Kumbe hawakuwa wazima, walikuwa wanaogopa. Barua zikakoma. Mama yangu akatuambia posta imechelewa. Miaka, kijana! Miaka nilingoja posta. Watu wote walionipenda walinidanganya, na kila mmoja alifanya hivyo kwa huruma. Wa kunifariji ninao tele Johannesburg. Wewe nimekuleta unionee. Kama huwezi, mwachie Ruta nafasi yako."

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Siku ile nilijua maana yake, maana aliyekufa macho alikuwa yeye, na aliyepungukiwa moyo alikuwa mimi. Nikamwomba radhi. Nikaanza upya: pampu mbili, moja nyekundu moja imechakaa. Matairi. Kijana anakula mkate wa rangi nyeusi. Sakafu ya saruji yenye madoa ya oili. Alisikiliza mpaka mwisho, akainama, akaweka kiganja chake kwenye ile saruji, akakaa hivyo muda. Alipoinuka moyo wake haukuwa umesimama. Ulikuwa ukidunda vizuri kuliko wangu.

Mchana tukaenda msituni.

Sijui nikuelezeje msitu ule. Misonobari imenyooka kama nguzo, mirefu hadi shingo inauma, na ndani yake ukimya unaosikika. Wakati wa vita, Wayahudi wa mji ule walitolewa majumbani, wazee kwa watoto, wakatembezwa hadi pale na kupigwa risasi kando ya mashimo. Mji mzima wa watu. Na njia ile tuliyopita kwa gari wao waliipita kwa miguu. Nilivua kofia bila kuambiwa.

"Niambie."

"Kuna jiwe, Gogo. Limeandikwa kwa maandishi mawili. Kuna tuta refu la majani. Juu yake vimeota vichaka vya matunda madogo ya buluu, na matunda yameiva. Kuna pakiti ya plastiki, mtu ametupa."

"Refu kiasi gani? Tembea. Nihesabie hatua."

Nikatembea kando ya tuta nikihesabu kwa sauti ili asikie. Katikati nikapoteza hesabu. Nikataka kukisia. Nikakumbuka petroli. Nikarudi mwanzo, nikaanza na moja. Hesabu yenyewe sikutajii, mwanangu. Nilimpa yeye aliyeiomba.

"Kuna nini tena?"

"Chini ya jiwe kuna chupa ya jamu yenye maji. Ndani yake kuna maua."

Alinigeukia ghafla. "Maua kweli? Au maua ya bibi yako?"

"Maua kweli, Gogo. Meupe. Mawili yameshanyauka."

"Naamini," akasema. "Kwa sababu ya hayo mawili."

Ruta akamweleza kwamba huenda ni wanafunzi wa mji ule, ambao huja na mwalimu wao kusafisha. Gogo akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akasimama wima bila kunishika, akamtaja bibi yake kwa jina, na mama zake wadogo wanne, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayewaita watu kula. Akasema sala yake. Nimeingia makanisa makubwa kwa madogo, lakini sijawahi kusikia majina ya watu yakijaza mahali namna ile.

Fikiria sasa, mwanangu. Kama ningekuwa bado naongopa, yale maua asingeyaamini. Ningekuwa nimemnyima saruji asubuhi, na mchana nikamnyima maua.

Tulimalizia Riga, Latvia, mji wenye nyumba zilizochongwa nyuso juu ya madirisha, simba, tausi, wanawake waliofumbua vinywa kama wanaita. Nilimweleza vyote, pamoja na vilivyovunjika pua. Lakini mawazo yangu hayakuwa Riga. Yalikuwa kwa mama yangu. Maana mama yangu, ambaye hajawahi kuvuka Kigoma, alikuwa kipofu wa Johannesburg, na macho yake ni mimi. Nilikuwa nimemwambia nafanya kazi benki, Sandton. Nilikuwa nimempelekea hata picha, nimesimama kando ya gari la mtu.

Tuliporudi nilikwenda kwenye kontena la simu za kulipia karibu na Joubert Park, nikampigia. Nikamwambia yote: kwamba sina benki, namtunza bibi kizee, kwamba chumba tunakaa sita.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Bibi huyo anakula vizuri?"

"Anakula, mama."

"Basi hiyo ni kazi. Na kwa kuwa umesema la kweli, mwanangu, nami niseme langu. Kila ukiuliza baba yako nakwambia yuko shambani. Hayuko shambani. Kisukari kimemkata mguu, mwaka wa pili huu. Tuliogopa utaacha benki yako."

Gogo Leah mwenyewe ndiye aliyenifukuza niende Kasulu. Nilimkuta baba kitandani, akaniuliza nimeona nini huko duniani, nami nikamsimulia miezi miwili, jioni kwa jioni, misonobari na korongo na petroli, mpaka alipolala bila kuamka. Miezi ile ningeikosa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tumefichana pande zote mbili, kwa upendo.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu uliyefika juzi na simu yenye kamera nzuri. Uliyemwazima macho mletee ulichokiona, si ulichotamani aone. Usimpige mkubwa kwa ukweli, msogezee taratibu kama maji ya moto, lakini mpe. Huruma inayoficha humwacha mtu peke yake gizani, nawe nje unajisifu kwamba umemlinda. Na wazazi wako wanapokuuliza habari za Johannesburg, waambie za chumba chako kabla ya za Sandton, ili nao wapate ujasiri wa kukuambia za kwao.

Mungu akupe macho yasiyogeuka pembeni na ulimi usioyasaliti. Akutembeze mbali uone kazi za watu na ustaajabu. Na akurudishe kwenu mapema, ukute bado yupo wa kukuuliza umeona nini.