Nimefungiwa bandani na kuku wa mama mdogo

Jamani, leo nimekaa jela, na wafungwa wenzangu walikuwa kuku!

Kuku wa mayai wa mama mdogo wanadonoana mpaka damu. Kasema leo wasipotulia anawauza wote kwa muuza chipsi.

Mimi nimejisomea kwenye simu: hawana ugomvi hao, wameboreka tu kwa kukaa bure. Wape kitu cha kufanya.

Basi nikaingia bandani na kabichi na kamba ya katani, nikaining'iniza hiyo kabichi juu.

Upepo ukapiga mlango. Komeo la nje likajifunga.

Simu iko ndani ya nyumba, inachaji. Mama mdogo yuko Korogwe.

Nikaita weee, wapi! Mabasi ya Dar yanapita pale lami, nayaona kupitia wavu wa banda. Watu wanaenda zao.

Mimi nazunguka. Ukutani, mlangoni. Ukutani, mlangoni.

Mama mdogo karudi, kachungulia. Kuku wote wako kwenye kabichi, hakuna anayemgusa mwenzake.

Ila miguuni kwangu kuna rundo la nyuzi! Kamba iliyobaki nimeichambua yote, wallahi sikujua.

"Shikamoo mama. Nifungulie."

Akacheka mpaka akashika wavu.

"Marahaba. Kuku siwauzi tena. Ila wewe sasa ndo unadonoa! Nikuning'inizie na wewe kabichi yako?"

Kanifungulia. Lakini mpaka sasa nazunguka uani. Ukutani, getini. Ukutani, getini.

Nyie wenzangu mliomaliza shule mkabaki nyumbani, kabichi yenu ni nini?