Viatu Vyekundu vya Anti Bisi

Juzi asubuhi nilitoka bila mpango, nikapanda treni hadi mwisho wa reli, Hagsätra, kitongoji cha huku ughaibuni. Kwenye dirisha la duka niliona viatu vyekundu vya mtoto, nikamkumbuka Anti Bisi, Mnigeria aliyeuza vitambaa jirani na kwetu utotoni. Alasiri moja, duka likinukia pilipili na nguo mpya, alipiga magoti akanivalisha viatu kama vile, akabonyeza ncha kwa kidole gumba.

"Tembea, mwanangu. Vinabana?"

"Havibani, Anti."

Nilijua ni vyangu. Akanivua, akavifunga kwenye katoni ya kwenda Lagos, nami nikalia. Wakati huo sikujua kwamba huko alikuwa na binti wa umri wangu, aliyemwacha akitambaa, na mguu wangu ndio uliokuwa kipimo chake.

Jioni nilipata chumba cha kulala huko huko. Nilipovua viatu mlangoni, bado nilijiuliza kama vile vyekundu vilimtosha yule binti.