Lenzi ya Barasa na Jua la Umoja

Mimi si mtu wa kuongea mbele za watu, na siku moja niliyothubutu niliaibika mbele ya mama yangu, mchungaji, wapangaji wote wa ploti yetu na televisheni (ya televisheni nitaieleza).

Ilikuwa ibada ya kumbukumbu ya kaka yangu Barasa, mwaka mmoja tangu tumzike. Barasa alikuwa mpiga picha hapa mtaani kwetu Umoja. Ubatizo, arusi, watoto wakimaliza nasari, wote walipita mbele ya lenzi yake moja ya zamani, nzito kama kufuli la godauni, iliyotengenezwa katika nchi ambayo siku hizi haimo kwenye ramani. Mimi ndiye niliyebaki nayo. Sikuwa naitumia. Nilikuwa naitoa tu, naishika, nairudisha.

Baada ya ibada tulikuwa ndani ya tenti tunakula, na wapiga picha wenzake wakaanza ubishi wao wa kila siku, lenzi gani ya zamani ni mbovu kuliko zote. Mmoja akazitaja zile za plastiki za kuvuta mbali, mwingine akaitetea moja inayotukanwa na kila mtu, akasema wanaoitukana wameisoma kwenye simu tu, hawajawahi hata kuigusa, na wakatupiana maneno mpaka nikafurahi, maana Barasa angekuwa katikati yao. Ndipo Kamau, rafiki yake mkubwa, akasema:

"Lakini wazee, tusidanganyane. Mbovu kabisa ilikuwa ya marehemu. Ile ni kitako cha chupa."

Walicheka kwa mapenzi, leo naelewa. Siku ile nilisikia kazi yote ya kaka yangu ikitupwa jalalani. Nikasimama na paja la kuku mkononi, nikatangaza kwamba lenzi ile haina kasoro na nitawaonyesha sasa hivi. Kamau hakubishana nami. Niliingia ndani kuileta, akaifunga kwenye kamera yake kwa pete ya kuunganishia. Na kwa kuwa alikuwa ameiunganisha kamera hiyo na televisheni ya Mama, iliyowekwa mlangoni ili watu waone picha za ibada, kila nitakachopiga kingetokea pale pale.

Sasa, kosa langu lilikuwa dogo. Katika picha za Barasa watu wote wamekunja macho. Alikuwa anawasimamisha wakitazama jua, anaita "Jua usoni, jua usoni," na ukiingia nyumba yoyote huku utakuta ukutani bibi arusi kama amelamba ndimu, na miguuni pake kivuli cha Barasa mwenyewe, kama mtu aliyesahau kuondoka. (Tulimcheka sana kwa kivuli hicho.) Mama hana hata picha moja yenye macho. Nikataka angalau siku hiyo ayapate. Nikawatoa watu kwenye tenti, mchungaji na kiti chake, nikawapanga jua likiwa nyuma yao, nikawaambia wafungue macho vizuri, nikapiga.

Televisheni ikawa nyeupe. Ndani ya weupe kulikuwa na watu kama waliosimama kwenye moshi. Nikasema ni kamera ya Kamau. Nikapangusa lenzi kwa shati (mafuta ya kuku nilikuwa nimeyasahau), nikapiga tena, ikawa mbaya zaidi. Nikasema ni televisheni.

Mama Rose, jirani yetu, akauliza polepole, "Kwani leo ni kumbukumbu ya nani, yake ama yetu?"

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya mchungaji ashike tumbo. Nilisimama mashavu yakiwaka, nikijua nimemwaibisha Barasa kuliko ambavyo Kamau angeweza.

Mama hakucheka. Alizunguka taratibu, akanipita, akaenda upande wa pili wa ua, akageuka kulitazama jua.

"Alikuwa anatuweka hivi," akasema. "Njooni."

Wakamfuata, kila mmoja na uso wake uliokunjwa wa picha za zamani. Nikasafisha lenzi vizuri, nikapiga.

Sijui niieleze vipi. Koti la mchungaji lilikuwa jeusi kweli, mikunjo ya uso wa Mama ilionekana mmoja mmoja, na mwanga ulikuwa umewalalia wote kwa upole ambao sijauona katika picha za simu. Kamau alivua kofia. Na chini, miguuni pa Mama, kulikuwa na kivuli, mabega yale yale ya Barasa. Nilijua ni changu. Mama alisogea akakigusa kwenye kioo cha televisheni, na sikumwambia ni cha nani.

Kamau alikuwa amesema kweli. Lenzi ina utando ndani kama jicho la mzee, jua likiipiga usoni inapofuka, na Barasa alijua hivyo miaka yote, ndiyo maana jua alilibeba mgongoni mwake.

Tangu hapo siitetei mbele za watu. Nikiulizwa nasema ni mbovu, kwa sababu ni mbovu. Lakini nikiingia nyumba ya jirani, kabla sijaketi, naangalia kwanza ukutani, chini kabisa ya picha, miguuni pa watu.