Wageni Waliokataa Kahawa

Wiki iliyopita wazee wa kijiji kimoja karibu na Nizwa walinijia kupinga nyumba ninazojenga kando ya mitende yao. Mimi, niliyejenga nusu ya mtaa huu bila ya kumaliza skuli, nikawatilia kahawa kwa mkono wangu. Wakaweka vikombe chini, hawakunywa. Watu hawa watanimaliza!

Nikamkumbuka mama. Tulikuwa tumehamia huku Omani kutoka Unguja karibuni, na baba alitaka kutuongezea chumba pembeni mwa shamba la mitende. Alasiri moja majirani wakaja, wakaweka vikombe chini vivyo hivyo. Nilidhani ni harufu ya tangawizi aliyoitia mama kwenye kahawa kama kwetu Unguja, na mama naye alidhani hivyo. Akamwaga, akakaanga buni upya, akatia hiliki, nyumba nzima ikanukia. Hawakugusa.

"Jamani, semeni basi!" baba akashindwa kuvumilia.

"Tuna haja kwako, ewe Salim," mmoja akajibu taratibu. "Usijenge hapa. Ukikubali, tutakunywa; ndiyo desturi yetu."

"Si mngesema tangu mwanzo!" mama akafoka nyuma ya pazia. "Buni yote imekwisha!"

Baba akakubali. Tukalala watoto saba chumba kimoja mpaka nilipooa, na hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kuuliza tunalalaje.